Wageni Kutoka Mombasa

Jirani yangu wa mwaka juzi alikuwa fundi wa mitambo ya umeme, mtu wa Mombasa katika nchi ya Kenya. Alipata kazi ya mwaka mmoja huku kwetu Karagwe, wala hakutaka kuwaacha watu wake nyuma. Basi akaja na mkewe na watoto watatu, wasichana wawili na mvulana wa miaka kumi na mmoja. Wakapanga nyumba mkabala wa nyumba yangu, ng'ambo ya shamba la migomba. Ninyi mnaosoma habari hii mmezaliwa Karagwe au Kyerwa, na labda hamjapata kufikiri jinsi nchi yenu inavyoonekana kwa macho ya mtoto aliyelelewa kando ya bahari. Nitawasimulia, maana mtoto yule alinifundisha jambo, nami kabla ya kufundishwa nilimponza.

Siku za kwanza zilikuwa za majonzi. Nchi yetu imeinuka sana; vilima vyake vingi vimepita meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupungua joto kadiri ya digrii sita kwa kila kilometa moja ya kupanda. Sisi hatuoni ajabu kuamka katika ukungu. Lakini watoto wale walikuja na nguo nyepesi za pwani, wakatetemeka, wakauliza kama jua la huku ni jingine. Mama yao alitafuta nazi sokoni asizione. Akapika wali bila tui, akautazama kama mtu atazamaye chombo kilichovunjika. Jirani mmoja akampelekea buni za kutafuna, zile ambazo wazee wetu huzichuma mbichi, wakazichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha wakazianika hata zikakauka, ili mgeni asikae bure mdomo. Yule bibi, aliyezoea kahawa nyeusi na chungu ya vikombe vidogo, akazitwanga kwenye kinu. Wanawake wa mtaani walicheka hata machozi yakawatoka, naye akacheka pamoja nao, na tangu siku ile hakuwa mgeni kabisa.

Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache. Jioni moja akaniambia, "Mwalimu, mwaka ni siku chache. Tukirudi kwetu watu watatuuliza, Mmeona nini huko? Je, tutawaambia tumeona mvua na migomba tu? Inshallah, kila mwezi nitawatoa watoto siku moja wakaione nchi." Kwa kweli alikuwa amekwisha anza njiani, kwani walipotoka Bukoba alisimamisha motokaa Kyaka, akawaonyesha mto Kagera, akawaeleza ya kuwa mwezi wa Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la mahali pale, na vita vikafuata hata mwaka wa 1979.

Basi mvulana akanunuliwa daftari. Kila jioni alivuka shamba la migomba, akapiga hodi, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akafungua daftari lake akaanza kuuliza. Mto Kagera huishia wapi? Bweranyange alikaa nani? Ni kweli kwamba katika Kyerwa kuna mahali ambapo maji hutoka chini ya ardhi yakiwa ya moto, pasipo mtu kuwasha kuni? Nikamjibu ya kwamba ni kweli, na mahali pale huitwa Mtagata, na jina lenyewe latokana na neno la lugha yetu lenye maana ya kupata joto.

Akauliza, "Wewe ulipokwenda, Mwalimu, yalikuwa ya moto kiasi gani?"

Nikasema, "Ya moto sana, mwanangu."

Yeye akaandika. Mimi nikakaa kimya, maana sikuwa nimepata kufika Mtagata hata siku moja. Nilizaliwa Karagwe, nikasoma Karagwe, nikapewa cheti cha ualimu, nikafundisha jiografia miaka kumi na minane; habari za Mtagata nilizijua kwa kinywa cha bibi yangu tu. Naliona haya kumwambia mtoto wa Mombasa jambo hilo. Uongo ule ulikuwa mdogo, nami nalisahau nilipolala.

Siku chache baadaye yule mvulana alichomwa na mwiba katika mundi wa mguu, akicheza na wachungaji. Jeraha likawa kidonda, na kidonda hakikupona. Baba yake alikuwa mbali kazini kwa majuma mawili. Mama yake akaja kwangu akauliza, "Mwalimu, majirani wasema maji ya Mtagata huponya vidonda. Wewe umefika huko. Ni kweli?"

Hapo ndipo ningalisema, Mama, mimi sijafika, mpeleke mtoto hospitali. Lakini nilikuwa nimekwisha jivika joho la mtu aliyeona. Nikajibu ya kuwa watu hutoka mbali kwenda kuoga kule, na wengi hurudi wakishukuru. Maneno hayo si ya uongo, ila sikuulizwa habari za shukrani. Basi wakangoja hata baba arudi na gari, na katika kungoja huko siku tisa zikapita.

Tulitoka alfajiri, mimi nikiwa kiongozi wa njia nisiyoijua. Nilimwuliza mtu mmoja kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini, njia ya Mtagata ni ipi, na mvulana akanitazama. Tukashuka mpaka bonde lenye miti mingi. Ukungu mwembamba ulipanda kutoka katika maji, lakini haukuwa ukungu wa asubuhi, ulikuwa mvuke. Palikuwa na chemchemi kadhaa, na joto lake si sawa. Katika moja waweza kukaa kama mtu akaaye katika maji ya kuogea yaliyopashwa na mama yake. Katika nyingine ukitia kidole utakitoa upesi. Watu walikuwa wakioga, wazee wenye maumivu ya viungo, na wengine wenye upele na vidonda. Mvulana akaoga, akafurahi, akasema mguu umekuwa mwepesi. Nami nilifurahi kuliko yeye.

Usiku wa pili akashikwa na homa. Mguu ukavimba hata gotini. Baba yake akamchukua hospitalini kabla ya mapambazuko, nami nikafuatana nao. Mganga alipofungua kitambaa akasema ni donda ndugu, nalo limekwisha kula nyama mpaka karibu na mfupa. Wangalichelewa siku chache zaidi labda mguu ungalikatwa. Kisha akauliza ni nani aliyetoa shauri la kungoja na kuoga. Yule bibi akatazama chini, asitake kuniaibisha. Nikasema, "Ni mimi."

Mganga hakunikemea. Alinieleza polepole, kama mimi niwaelezavyo ninyi. Maji ya mvua hupenya katika nyufa za mawe, yakashuka chini mno. Kadiri yashukavyo ndivyo yapatavyo joto, maana ardhi huzidi joto kadiri ya digrii ishirini na tano hata thelathini kwa kila kilometa moja ya kwenda chini. Nchi yetu iko karibu na lile Bonde la Ufa la magharibi, ambako ardhi imepasuka tangu zamani sana; basi maji yakipata ufa ulio wazi hupanda tena juu kabla hayajapoa, nayo huwa yameyeyusha chumvi za mawe njiani. Joto hilo hulegeza misuli na kutuliza viungo vya mzee. Kwa hiyo wanaoshukuru hawasemi uongo. Lakini kidonda kilicho wazi ni mlango. Katika maji ya vuguvugu wanamooga watu wengi, vijidudu vya huyu huingia mlangoni mwa yule. Donda ndugu hutaka kusafishwa, kufungwa kitambaa safi kila siku, na dawa za kuua vijidudu. Tena hutaka mapema.

Mvulana alilala hospitalini majuma matano. Nilikwenda kumtazama kila nilipopata nafasi, na siku ya kwanza alipopata nguvu ya kuongea akaniuliza, "Mwalimu, ulikuwa hujafika Mtagata, sivyo?" Nikamjibu, "Sikuwa nimefika." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nitafuta ile sentensi daftarini." Na kweli aliifuta. Hakusema neno jingine juu ya jambo lile, wala mama yake.

Tangu hapo nilifanya shauri nisimwambie kitu bila kutenga niliyoyaona na niliyoyasoma. Nikampelekea habari ya mgonjwa mwenziwe. Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, John Speke na James Grant, walifika Bweranyange kwa Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe wa ukoo wa Wahinda. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Mfalme aliwaamkia kwa Kiswahili kizuri, maana wafanyi biashara Waarabu na watu wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na ikulu. Na jambo moja la kwanza alilotaka kujua ni hili, wageni wanaionaje nchi yake? Yeye mwenyewe aliona milima yake haina mfano duniani. Na ziwa, je, hawakulipenda? Grant aliliona ziwa lile dogo lafanana na ziwa Windermere la kwao Uingereza, na Speke akaliita Windermere Ndogo.

Lakini Grant aliugua mguu. Kidonda kikawa kikubwa hata asiweze kutembea. Mwezi wa Januari 1862 Speke akaenda Buganda peke yake, maana ilisemekana mgonjwa hapokelewi kule, na Grant akaachwa Karagwe mikononi mwa Rumanyika. Mfalme hakumchoka. Dawa nyingi za wenyeji zilijaribiwa katika mguu ule. Grant alikaa huku kwa jumla zaidi ya miezi minne, akichora na kuandika mambo ya nchi na watu wake, na mwezi wa Aprili akaondoka akichukuliwa na wapagazi. Hata mwezi wa Julai, Speke alipofika mahali mto Nile utokapo katika ziwa Nyanza, Grant hakuwapo kando yake.

"Maskini," akasema mvulana. "Ametoka kwao kote kule, asione." Kisha akafikiri. "Lakini aliiona Karagwe kuliko Speke."

Sikuwa nimepata kuisoma habari ile kwa namna hiyo.

Alipoweza kutembea kwa fimbo, baba yake akatupeleka sote Bweranyange. Nyumba za mfalme zilikuwa za majani na fito, nazo zimekwisha zamani. Mtu aendaye akitazamia kuona majumba ya mawe atarudi amekasirika. Lakini simameni juu ya kilima, mtazame chini. Mtafahamu kwa nini mfalme aliuliza swali lile. Migongo ya vilima yafuatana mmoja nyuma ya mwingine mpaka rangi yake ikageuka kuwa ya samawati, na mabondeni maji hung'aa katikati ya mafunjo. Rumanyika alikuwa na nyumba ya hazina, na ndani yake ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma na shaba, na mikuki ya kazi nzuri. Wahunzi wa Karagwe walikuwa na sifa. Stanley naye aliiona hazina ile alipofika mwanzo wa mwaka wa 1876. Aliitia majini mashua yake, iliyochukuliwa vipande vipande mabegani mwa watu kutoka pwani, na mfalme akakaa ufukoni kutazama mashindano ya mitumbwi. Stanley alikwenda Mtagata pia, akawakuta wagonjwa wakioga, kama tulivyowakuta sisi.

Yule bibi alitaka kujua zaidi habari za watu wa pwani waliokaa Kafuro. Je, nao walikosa nazi? Nikamwambia hilo sikulisoma mahali po pote. Akasema yeye hana shaka ya kwamba walizikosa.

Safari iliyonipendeza mimi ilikuwa ya Murongo, katika Kyerwa, mahali mto Kagera uwapo mpaka wetu na Uganda. Ng'ambo ile ni Kikagati. Mpaka huo si kitu cha kuogofya. Watu huvuka kwenda sokoni, na lugha za pande zote mbili husikilizana. Magharibi yake, kwenye pembe ya nchi, mipaka ya Tanzania, Uganda na Rwanda hukutana, na vichaka vya upande wetu vimewekwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa tangu mwaka wa 2019. Mwaka ule ule msitu wa kusini yake ukapewa jina la yule mfalme, ukawa Hifadhi ya Rumanyika-Karagwe. Tuliona tohe watatu na kiboko mmoja, na wasichana wakabishana njia nzima kama alikuwa kiboko au jiwe.

Mvulana akasimama kando ya mto, akatupa kijiti majini, akauliza kitafika Mombasa lini.

Nikamwambia, "Hakitafika kabisa. Maji haya hutoka katika milima ya Burundi na Rwanda, hupita hapa, hugeuka mashariki mpaka Kyaka, huingia ziwa Nyanza. Na hakuna mto uliao maji mengi katika ziwa lile kuliko huu. Kisha hutoka Jinja, hupita ziwa Kyoga na ziwa Albert, Sudani Kusini, Khartoum, na nchi ya Misri, hata bahari ya Mediteranea. Hayo nimeyasoma. Mimi kwa macho yangu nimeuona mto huu Kyaka, na leo hapa."

"Kwa hiyo wale wanaofika hapa," akasema, "huwa wamekwisha fika kwenye mto Nile."

"Wamefika katika mkono wake wa mbali kuliko yote."

Tuliporudi, tulipumzika juu ya mgongo mmoja wa kilima ambako Rwanda huonekana vizuri. Nikawaambia ya kuwa mwaka wa 1994 mimi nilikuwa mwanafunzi kama wao, na kwa siku chache tu watu wengi mno walivuka kutoka ng'ambo ile wakikimbia vita na mauaji, na makambi yakajengwa katika Ngara na Karagwe. Shamba letu la maharage liliisha kwa mwezi mmoja, na kuni zikawa za kufuata mbali. Mama yangu alinung'unika mchana, na usiku alipika sufuria mbili. Hao nao walikaa ugenini, tena karibu na mahali hapa pazuri, lakini sidhani kama walipata moyo wa kuutazama mto. Watoto wakasikiliza bila kuuliza kitu. Mkubwa wa wasichana akaokota jiwe dogo akalitia mfukoni.

Msimu wa senene ulipofika, yule bibi alikuwa akiwakaanga mwenyewe kwa kitunguu, akiwasifu kwa majirani kana kwamba wanatoka kwao. Mwaka ukaisha. Mguu wa mvulana ulibaki na kovu kubwa kama sarafu, wala hachechemei. Siku ya kuondoka baba yake alinishika mkono muda mrefu, nami nikajua ya kuwa amenisamehe. Kama angalinikasirikia waziwazi ningaliona nafuu zaidi.

Juma lililopita nimepokea barua kutoka Mombasa. Mvulana aeleza ya kuwa mwalimu wake alimwambia awasimulie wenziwe mambo ya Karagwe, akawasimulia Mtagata na Bweranyange na tohe watatu. Kisha mtoto mmoja, aliyehamia pale kutoka Kisumu, akamwuliza ndani ya Ngome ya Yesu mna nini. Ngome hiyo ilianzwa na Wareno mwaka wa 1593, na kutoka mlangoni pao hata pale ni mwendo mfupi kwa miguu. Alikuwa hajapata kuingia. Anaandika ya kwamba alinikumbuka, akasema mbele ya darasa zima, "Sijaingia," na Jumamosi ikafika akaenda na dada zake.

Mwisho wa barua yake ameniuliza jambo moja. Siku ile Mtagata alikuwa akiumwa, asiweze kuzihesabu chemchemi zote wala kupima joto lake. Ataka nimwandikie hesabu yake, na joto la kila moja kwa digrii. Nimekwisha azima kipimajoto katika chumba cha sayansi. Jumamosi ijayo nakwenda na watoto wa darasa la sita, na mwenye kidonda atabaki nyumbani.